Wimbo kwa Binti Ambaye Hajazaliwa

Mwezi Septemba wa mwaka 2020, shule zetu zikiwa zimefungwa kwa maradhi yaliyoenea ulimwenguni kote, tuliketi tukaisoma orodha ya albamu 12 zilizokuwa zikishindania Tuzo ya Mercury huko London. Tuzo hiyo ilianzishwa mwaka 1992, na kila mwaka hupewa albamu moja inayohesabiwa kuwa bora katika Uingereza na Ayalandi. Wasomaji wa jarida hili watauliza, na wana haki ya kuuliza, mwalimu wa Kiswahili wa Kampala ana shughuli gani na orodha ya namna ile. Shughuli yetu ilikuwa jina moja tu: Kiwanuka. Michael Kiwanuka alizaliwa London, lakini wazazi wake walitoka Uganda wakiukimbia utawala wa Idi Amin, na jina lake halihitaji mkalimani katika mitaa yetu. Akashinda, nasi tukashangilia kama ashangiliavyo mtu aliyeona mtoto wa jirani akipewa zawadi mbele ya wageni.

Ila jicho likishalizoea jina moja huanza kuyasoma na yaliyo kando yake. Humo tukamkuta mwanamke mmoja wa Kiingereza, Laura Marling, aliyekuwa na umri wa miaka 30, na ambaye hiyo ilikuwa mara yake ya nne kuteuliwa. Aliteuliwa mwaka 2008, akateuliwa mwaka 2010, akateuliwa tena mwaka 2013, na sasa 2020. Na mara zote nne akarudi nyumbani mikono mitupu. Mtu wa namna hiyo humvuta mwalimu, kwa kuwa sisi darasani tunawajua vizuri wale wanaokuwa wa pili kila muhula bila ya kununa. Albamu yake iliyoteuliwa ilikuwa na jina la Song for Our Daughter, maana yake wimbo kwa binti yetu, na ilipofika siku hiyo mwimbaji mwenyewe hakuwa na binti wala mtoto yeyote. Jambo hilo ndilo lililotushika, na ndilo tunalotaka kulizungumza hapa, ijapokuwa hatuna budi kupita kwanza katika habari za maisha yake.

Alizaliwa mwaka 1990, akakulia Eversley katika jimbo la Hampshire, kitinda mimba wa mabinti watatu. Baba yake alipata kuwa na studio ya kurekodia muziki, na ndiye aliyemfundisha kupiga gitaa. Mama yake alikuwa mwalimu wa muziki. Akasomeshwa katika shule ya Leighton Park iliyoko Reading, ambayo ni shule ya madhehebu ya Wakweka, watu ambao katika ibada yao wanaweza kukaa kimya saa nzima. Alipofika umri wa miaka 16 aliiacha shule akaenda London kutafuta riziki ya nyimbo. Tunawaomba wasomaji walishike neno hili la kuacha shule, maana tutalirudia, na kulirudia kwetu hakutakuwa kwa starehe.

London alijiunga na vijana waliokuwa wakipiga muziki uitwao foki. Neno hilo kwa Waingereza lina maana ya muziki wa watu wa kawaida, nyimbo zisizojulikana mtunzi wake, zilizoimbwa mashambani na vilabuni kabla ya mtu yeyote kufikiri kuziandika. Mwaka 1903 mwalimu mmoja wa muziki, Cecil Sharp, alimsikia mtunza bustani aitwaye John England akiimba katika kijiji cha Hambridge, jimbo la Somerset. Akauandika wimbo ule, na tangu hapo hakupumzika, akawa azunguka vijijini na kalamu yake akiwakusanyia Waingereza mali yao waliyokuwa hawajui kuwa ni mali. Sisi tunamkumbuka Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyenakili tenzi kwa mkono wake hata leo twazisoma, kwa hiyo kazi ya namna hiyo si ngeni kwetu. Vijana wa London, karne moja baadaye, hawakuwa wakiziimba nyimbo zile zile za wakulima. Walichukua gitaa la mbao, sauti isiyopambwa, na desturi ya kusimulia kisa katika wimbo, wakatunga visa vyao wenyewe. Wakaitwa foki wa indi. Hilo neno indi limekatwa kutoka neno lenye maana ya kujitegemea, na hapo awali lilitumika kwa wanamuziki waliotoa santuri zao kwa kampuni ndogo, wasitake kuwa chini ya zile kubwa. Siku hizi limekuwa jina la mtindo tu, kama koti la kijeshi livaliwavyo na raia; na Laura Marling mwenyewe, aliyeitwa hivyo tangu mwanzo, kwa miaka mingi alitoa kazi zake kwa jina la Virgin, kampuni ambayo hakuna awezaye kuiita ndogo.

Kipo kisa kimoja cha siku zile ambacho wanafunzi wetu hukipenda. Mwaka 2007, akiwa bado hajatimiza miaka 18, alifika kwenye ukumbi mmoja wa Soho alimopangiwa kuimba, akazuiliwa mlangoni kwa kuwa umri wake haukuruhusu kuingia mahali panapouzwa pombe. Akaimba nje, barabarani. Wanafunzi hukipenda kisa hiki kwa sababu ya ushujaa wake. Sisi hukipenda kwa sababu ya yule bawabu, aliyeishika sheria inayomlinda mtoto hata pale mtoto mwenyewe alipokuwa hataki kulindwa.

Albamu yake ya kwanza, Alas, I Cannot Swim, ilitoka Februari 2008, siku chache tu baada ya kutimiza miaka 18. Mtayarishaji wake alikuwa Charlie Fink, kiongozi wa kundi la Noah and the Whale alilowahi kuliimbia; na mpiga ngoma wake wa siku hizo alikuwa Marcus Mumford, ambaye baadaye kundi lake la Mumford & Sons lilipata umaarufu uliompita yeye maradufu. Magazeti ya Uingereza yameandika mengi juu ya nani alimpenda nani katika vijana wale. Hayo tunayaachia magazeti. Mwaka 2010 ikatoka I Speak Because I Can, na mwezi Februari 2011 akapewa tuzo ya BRIT ya mwimbaji bora wa kike wa Uingereza, naye ana miaka 21. Mtu mwingine angelikimbilia viwanja vya mpira na taa za rangi. Yeye, mwezi Oktoba mwaka huo huo, alizunguka akiimba ndani ya makanisa makuu ya Uingereza, nyumba za mawe zilizojengwa ili sauti moja iwafikie watu wengi. Mwaka 2013 akatoa Once I Was an Eagle, ambayo nyimbo zake za mwanzo zimeshikana mkono, moja ikiingia katika nyingine bila kituo, kama utenzi unavyokwenda ubeti baada ya ubeti chini ya bahari moja.

Kisha akachoka. Alihamia Los Angeles, akatunga na kurekodi albamu nzima, akaisikiliza, akaitupa. Kwa muda akakaa mbali na muziki. Tungependa wanafunzi wetu walitazame tendo hili kwa makini kuliko tuzo zote, kwa sababu anayejua kutunga ni wengi, na anayejua kutupa ni wachache. Sisi tunaosahihisha insha twajua uchungu anaouona mtoto akiambiwa afute kurasa mbili ili ibaki moja. Aliporudi mwaka 2015 na Short Movie, aliitayarisha mwenyewe, na gitaa lilikuwa la umeme. Mwaka uliofuata akaanzisha mfululizo wa mazungumzo ya kusikilizwa, akiwauliza wanamuziki wanawake, Dolly Parton na Emmylou Harris miongoni mwao, kwa nini mafundi wa studio karibu wote ni wanaume, na kama kungekuwa na tofauti yoyote katika nyimbo lau mafundi wangekuwa wanawake. Swali zuri. Nasi twaweza kuuliza hivyo hivyo juu ya wahariri wa vitabu vyetu vya kiada.

Hapa twafika mahali ambapo mwalimu wa lugha hawezi kupita bila kusimama. Albamu ya mwaka 2017, ya kwanza aliyoitoa kwa lebo yake mwenyewe ya More Alarming, inaitwa Semper Femina. Hayo ni maneno mawili ya Kilatini, yametolewa katika kitabu cha nne cha utenzi mkubwa wa Virgil, Aeneid. Mjumbe wa miungu anamhimiza shujaa Aeneas aondoke Carthage usiku, asimngoje malkia Dido, na hoja yake ni kwamba mwanamke daima hageuki kuwa kitu cha kutumainiwa, bali ni kitu cha kubadilika badilika. Tunasema kitu kwa makusudi. Katika Kilatini cha Virgil, sifa zile anazopewa mwanamke hazikuwekwa katika jinsia ya kike, zimewekwa katika ile isiyo ya kike wala ya kiume, ile ya vitu. Mwalimu wa Kiswahili ataelewa mara moja: ni kama kumwondoa mtu katika ngeli yake ya a-wa na kumtia katika ya ki-vi. Nasi tusijione wema, maana lugha yetu inalo neno kigeugeu, nalo humpachika mtu ngeli ile ile kwa kosa lile lile. Alichokifanya Laura Marling ni kuikata sentensi ya Virgil kwa mkasi, akalitupa tusi, akabaki na maneno mawili ya mwisho: daima mwanamke. Albamu nzima inazungumza na wanawake, na juu ya wanawake, bila ya kumpitia mwanamume. Mwaka 2018 ilishindania tuzo ya Grammy ya albamu ya foki huko Marekani, na kama ilivyo desturi yake, hakushinda.

Sasa tuirudie Song for Our Daughter. Ilikuwa itoke baadaye katika mwaka 2020, lakini watu walipofungiwa majumbani aliitoa mapema, tarehe 10 Aprili. Mwezi Juni aliimba peke yake katika kanisa la Union Chapel, London, viti vyote vikiwa vitupu, na watu wakanunua tikiti ili wamtazame kwa mtandao. Wazo la albamu alilipata kwa Maya Angelou, mwandishi Mmarekani Mweusi, aliyechapisha mwaka 2008 kitabu cha barua kwa binti yake, ilhali Maya Angelou alizaa mtoto mmoja tu, naye wa kiume. Binti ni wasomaji wote. Basi Laura Marling naye akajitungia binti wa kuwazia, akamwimbia yale ambayo yeye mwenyewe angalitaka kuambiwa alipokuwa msichana.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kusikia habari hii asimkumbuke Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, mjane wa Bwana Mataka aliyetawala Siyu. Yeye, mwaka 1858 hivi, akiwa mgonjwa, alimwita binti yake Mwana Hashima aje na karatasi na wino, akampa wosia katika utendi. Wala asimsahau Shaaban Robert, aliyemwandikia binti yake Utenzi wa Hati. Jadi yetu katika jambo hili ni kongwe na pana. Lakini tazama tofauti. Mwana Kupona anamfundisha bintiye dini, adabu, ulimi wa heshima, na kwa urefu namna ya kumtunza mume ili apate radhi. Yule wa Hampshire anamtahadharisha binti asiyekuwepo juu ya wanaume watu wazima watakaomjia na mashauri mazuri mdomoni, na nia nyingine moyoni. Mmoja anaufungua mlango wa nyumba na kumwelekeza binti ndani. Mwingine amesimama mlangoni akihesabu wanaoingia. Hatuoni kwamba mmoja amempenda binti kuliko mwenzake.

Na yule anayesema binti yetu, huyo sisi ni nani? Katika Kiingereza jina la albamu lina ugeni kidogo, maana msikilizaji hujiuliza baba ni nani, wenzi ni akina nani. Katika Kiswahili halina ugeni wowote. Mama mmoja peke yake husema mwanetu, na jirani asiye na undugu husema binti yetu huyu, wala hakuna anayedai cheti. Tunapofundisha kwamba majina ya ukoo huchukua yangu na yetu, si wangu na wetu, tusiishie kwenye kanuni. Tuwaambie wanafunzi kwamba yetu hii ina mzigo ndani yake. Anayesema binti yetu amekubali kuulizwa.

Nasi tukaulizwa. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022, na kila mwalimu nchini anaijua hesabu ya darasa lake: wasichana waliorudi, waliorudi wakiwa mama, na wasiorudi. Katika waliorudi alikuwapo mmoja ambaye miezi yote ile alikuwa akijifunza gitaa la kaka yake lililokosa uzi mmoja. Katika wakati ule Laura Marling alikuwa akitoa masomo bure mtandaoni, akionyesha namna anavyozipatanisha nyuzi zake kwa njia zisizo za kawaida, na binti huyu aliyaona masomo hayo katika simu ya mtu, akagundua kwamba nyuzi tano zaweza kupatanishwa zikatosha. Mwaka 2024, akiwa darasa la nne la sekondari, alimwambia mama yake kwamba hataki tena shule, anataka kuimba.

Mama yake huuza vitambaa sokoni Owino. Alitujia jioni, kwa Kiganda kilichochanganyika na Kiswahili cha sokoni, akatuuliza: “Mwalimu, mtoto anasema yule Mzungu wenu aliacha shule ana miaka 16. Nambie basi, mwisho wake ulikuwaje?”

Tulimjibu, “Mama, mwisho wake ulikuwa mwema.” Ingekuwa hila kumwambia vingine. Lakini tulimweleza pia kwamba nyumba aliyotoka binti yule ilikuwa na baba fundi wa studio na mama mwalimu wa muziki. Hakuacha shule akabaki bila shule, alitoka katika moja akaingia katika nyingine aliyozaliwa nayo. Tukamweleza kwamba alipofika mlangoni Soho palikuwa na mtu wa kumwambia wewe ni mtoto, rudi. Na kwamba katika milango ya Kampala ambako mabendi hupiga usiku, sisi tumekwenda tukatazama, na mtu huyo hatukumwona. Tukamwambia vilevile kwamba mwimbaji yule, mtu mzima na mwenye tuzo, alirudi darasani kusomea shahada ya uzamili katika elimu ya uchanganuzi wa nafsi. Mama alisikiliza, akafunga kanga yake, akasema, “Huyu ni binti yenu pia. Mwambieni nyinyi.”

Hatukumhubiria. Tulimpa Utendi wa Mwana Kupona, tukamwambia ausome pamoja na albamu ile, kisha atuambie yupi kati ya mama wale wawili angemtii. Akakaa navyo wiki tatu. Mtihani aliufanya. Leo yuko darasa la tano, anaimba Jumamosi mchana katika arusi na ubatizo, mama yake akiwa ameketi karibu, na fedha yake ya kwanza aliitumia kununua ule uzi wa sita, ingawa anasema amekwisha kuuzoea muziki bila ya uzi huo.

Oktoba 2024 Laura Marling alitoa albamu nyingine, Patterns in Repeat. Mwaka 2023 alikuwa amejaliwa mtoto, naye ni wa kike. Yule binti wa kuwaziwa akawa ametanguliwa na wimbo wake kwa miaka mitatu. Nyimbo nyingi za albamu hiyo zilirekodiwa nyumbani, mtoto akiwapo chumbani, bila ngoma hata moja. Tuliicheza darasani. Wavulana waliona ni ya kusinzia. Sisi tunaiona kuwa bora kuliko zote, kwa kuwa humo hamna tena maonyo; aliyekuwa akionywa amefika, na mama ana kazi nyingine ya kufanya.

Wakati santuri inacheza, binti yetu yule aliinua mkono akauliza swali ambalo katika miaka yetu yote ya kuufundisha utendi ule hakuna aliyewahi kutuuliza: mbona mabinti hawajibu? Mwana Hashima aliletewa wosia wote ule, je, yeye hakuwa na la kusema? Tukamwambia aliseme yeye. Sasa darasa zima linatunga jibu la Mwana Hashima kwa mama yake, vipande vinne, mizani minane, vina vitatu na cha bahari, na wamefika ubeti wa 31. Mgogoro uliopo ni juu ya ubeti wa 12, ambao aliutunga yeye, na kipande chake cha tatu kina mizani tisa. Tumeutia alama ya wino mwekundu mara mbili, tukamwonyesha neno analoweza kulipunguza bila kuharibu maana. Juzi ameurudisha mezani kwetu ukiwa vilevile, na mizani yake tisa.